Betri ya "silikoni" ya pikipiki: ninunue, au nitengeneze niliyo nayo?

"Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni mwanabodaboda wa Mombasa, na pikipiki yangu ya umeme ni yangu mwenyewe, si ya kubadilishiwa betri kituoni. Betri ni ya volti 72, ampea-saa 40. Ilipokuwa mpya nilikuwa natoka Mtwapa alfajiri, nazunguka Bamburi, Kongowea na mjini, kilomita 90 bila wasiwasi. Sasa ni mwaka wa pili, ikifika 60 inaniaga. Kuna kijana Mwembe Tayari ananiuzia betri aiitayo ya silikoni. Ukubwa ni ule ule, asema inabeba mara kumi ya hizi za lithiamu na haifi upesi. Bei yake karibu mara mbili. Mwenzangu kijiweni asema niachane nayo, silikoni hufura na kupasuka, sembuse kwa joto letu hili. Na mpwa wangu wa kidato cha tatu asema silikoni ni mchanga tu, ataka kuitengeneza kwa mchanga wa Nyali apeleke kwenye mashindano ya sayansi. Nani mkweli kati yao?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Wote watatu wamegusa ukweli, na wote watatu wameuachia njiani. Ili usisome roho ikiwa juu, natanguliza jibu: hiyo betri usiinunue, si kwa maelezo hayo uliyopewa. Ila sababu yangu si ile ya mwenzako wa kijiweni. Silikoni ndani ya betri ni jambo la kweli, imeshaingia madukani, na huenda simu utakayonunua mwakani ikawa nayo. Tabu ni kwamba kijana wa Mwembe Tayari ama hajui anachouza, ama anakijua sana.

Tuanze na jina, maana hapa Kiswahili chetu kimelitwika neno moja mizigo miwili. Kuna silikoni ya kava la simu na ya gundi ya kuzibia masinki na vioo, ile inayonyumbulika. Huo ni mpira uliotengenezwa kwa silikoni, oksijeni na kaboni, na haubebi chaji yoyote. Ninayoisema mimi ni elementi yenyewe, namba 14 kwenye jedwali, ngumu, ya kijivu inayong'aa, ile iliyomo kwenye paneli za sola na chipu za simu. Niliwahi kuonyeshwa betri "ya silikoni" ambayo silikoni yake yote ilikuwa ni mpira wa bluu uliozungushwa nje. Muuzaji hakuwa mwongo, alikuwa anauza alichoambiwa. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kijana huyo liwe: silikoni iko wapi, nje au ndani?

La pili ni hili la kusema inabeba mara kumi ya "hizi za lithiamu", kana kwamba yenyewe si ya lithiamu. Betri ya silikoni ni betri ya lithiamu. Ndani ya kila seli kuna pande mbili, chanya na hasi, na kati yake kuna utando mwembamba uliolowa majimaji yanayoitwa elektroliti. Unapochaji, lithiamu hutoka upande chanya, huvuka na kuingia upande hasi. Unapoendesha, hurudi. Wanafunzi wangu huwaambia wafikirie kivuko cha Likoni. Lithiamu ndiyo abiria wa feri, inavuka moja kwa moja ndani ya betri. Elektroni, zile chembe za umeme, haziruhusiwi kupanda feri. Lazima zizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, yaani kwa waya wa nje, na huko njiani ndiko zinakotozwa kazi ya kuzungusha mota yako. Ng'ambo zinakutana tena. Silikoni haivuki popote. Yenyewe ni nyumba ya kulala wageni upande hasi, na mjadala wote ni kuhusu nyumba hiyo ina nafasi ya wageni wangapi.

Kwa betri nyingi za leo nyumba hiyo ni grafiti, ndugu ya ule unga mweusi wa penseli. Grafiti ni tabaka juu ya tabaka za kaboni, na lithiamu hujilaza katikati ya tabaka hizo bila kuzivunja. Aliyeonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba lithiamu yaweza kuingia na kutoka humo kwa umeme tena na tena ni Rachid Yazami, mzaliwa wa Fez, Moroko, akifanya kazi Grenoble, Ufaransa. Betri hizi zikitajwa, watu hutaja Nobel ya kemia ya 2019 iliyokwenda kwa Goodenough, Whittingham na Yoshino, nao wanastahili. Mimi sichoki kumtaja Mwafrika mwenzetu, hasa mbele ya vijana wanaodhani mambo haya huanzia mbali na kwao.

Grafiti ni mwenyeji mwema lakini mbanifu. Atomi sita za kaboni zinampokea mgeni mmoja tu wa lithiamu. Silikoni ina mkono mkunjufu: atomi nne za silikoni zinapokea lithiamu hadi 15. Ukipima kwa kila gramu, grafiti hubeba miliampea-saa 372 (hicho ni kipimo cha kiasi cha chaji, elfu moja ni ampea-saa moja), na silikoni hubeba karibu 3,600. Ndiyo hiyo "mara kumi" ya kijana wako. Hakuitunga. Ameichukua namba ya nyumba moja akaifanya ya mtaa mzima.

Tupige hesabu pamoja, maana wewe ni mtu wa chaji na kilomita, hesabu unaijua. Tuseme betri yako ni ya LFP, yaani lithiamu, chuma na fosfeti, kama zilivyo nyingi za vyombo vya kazi. Upande chanya wa betri hiyo hubeba takriban miliampea-saa 160 kwa gramu. Kupata ampea-saa moja unahitaji gramu 6 na robo za upande chanya, na karibu gramu 3 za grafiti upande hasi. Jumla ni gramu 9 na kidogo. Sasa ng'oa grafiti yote uweke silikoni tupu: zile gramu 3 zinakuwa 0.3. Jumla inashuka hadi gramu 6 na nusu. Umeokoa uzito, ndiyo, lakini hata theluthi haijafika. Tena hapo hatujahesabu karatasi za shaba na alumini, elektroliti na kasha, ambavyo havipungui kwa sababu umebadilisha upande mmoja. Na silikoni hutoa umeme wake kwa volti ya chini kidogo kuliko grafiti, kiasi cha robo volti hivi kwa kila seli, kwa hiyo sehemu ya faida inarudishwa. Ukichanganya silikoni asilimia 10 ndani ya grafiti, jinsi inavyoelekea kufanywa sasa, unapunguza kama asilimia 15 ya uzito wa vile vitu viwili. Hayo ni maendeleo makubwa kwa mtu anayetengeneza simu. Mara kumi hayafiki, na mara mbili hayafiki.

Sasa nije kwa mwenzako wa kijiweni, maana yeye ndiye aliyekaribia kiini bila kujua.

Kweli silikoni hufura. Ikijaa lithiamu, chembe yake hukua hadi karibu mara nne ya ujazo wake wa awali. Grafiti hukua kwa asilimia 10 tu. Ukimaliza chaji, silikoni husinyaa tena. Fikiria udongo mweusi unaojaa maji wakati wa mvua na kupasuka mapande wakati wa kiangazi, ila mvua na kiangazi hivyo vinakuja kila siku, na kwako wewe huenda mara mbili kwa siku. Chembe kubwa za silikoni hupasukapasuka, vipande hupoteza mguso na waya, na kipande kisichogusana na waya ni kama nyumba iliyokatika daraja: kuna vyumba, wageni hawafiki.

Lakini kupasuka siko kunakoua betri zaidi. Kuna jambo la kimyakimya, na hili nataka ulielewe vizuri kwa sababu ndilo linalokula hata betri kama yako, isiyo na silikoni hata chembe.

Upande hasi ukishajaa lithiamu una hamu kubwa ya kuvamia elektroliti. Mara ya kwanza kabisa betri inapochajiwa kiwandani, elektroliti huvunjika kidogo pale inapogusana na upande hasi, ikaacha utando mwembamba mno. Utando huo ni neema. Huziba ili uvamizi usiendelee, na bado huruhusu lithiamu kupita. Mfano wake ni lipu ya chokaa juu ya kuta za mawe ya matumbawe za Mji wa Kale: bila lipu, chumvi na unyevu vingekula ukuta. Ila lipu hii imekandwa kwa nini? Kwa elektroliti, na kwa lithiamu ile ile ambayo ingekuwa abiria wako. Kila lithiamu iliyokandwa ndani ya lipu haitapanda feri tena. Na mfuko wa lithiamu ulifungwa kiwandani, hakuna anayeongeza.

Ukuta wa grafiti hautikisiki sana, kwa hiyo lipu yake hudumu miaka, ikinenepa polepole. Ukuta wa silikoni unafura na kusinyaa kila siku. Lipu inapasuka, ukuta mpya unaachwa wazi, elektroliti inauvamia, lipu mpya inakandwa, mfuko unapungua. Kesho tena. Ndipo watu wa betri tunapohangaika na namba ambazo mwingine ataziona za kipuuzi. Ukiniambia kila unapochaji asilimia 99.9 ya lithiamu inarudi salama, utadhani ni ushindi. Irudie hasara hiyo ndogo mara 500, kila mara kwa kile kilichobaki: umebaki na asilimia 60. Ikiwa inarudi asilimia 99.99, baada ya mara 500 bado una 95. Kwa mwanabodaboda anayechaji kila siku, mara 500 ni mwaka na miezi michache. Pengo lote kati ya betri ya maonyesho na betri ya kazi limo kwenye hiyo tisa moja ya ziada.

Utauliza, basi simu zimewezaje? Kwa akili nyingi na vitu vidogo sana. Mwaka 2008 kikundi cha Yi Cui, Chuo Kikuu cha Stanford, kilionyesha kwamba silikoni ikitengenezwa nyuzi nyembamba mno, nyembamba kuliko unywele mara mamia, zinafura bila kukatika. Baadaye ikajulikana kwamba chembe ya silikoni iliyo chini ya nanomita 150 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) haipasuki, kama vile kokoto ndogo isivyopasuka pale jiwe kubwa linapopasuka kwa moto. Ila udogo una gharama yake: ukiusaga ukuta kuwa unga, eneo la kupiga lipu linaongezeka maradufu kwa maradufu. Kikaja kizazi kingine cha mawazo. Umewahi kutikisa nazi kavu ukasikia mbata ikigonga ndani ya kifuu? Ndivyo walivyofanya: chembe ya silikoni ndani ya ganda la kaboni, na nafasi tupu kati yake. Silikoni inafura ndani kwa ndani, ganda halitikisiki, na lipu iko juu ya ganda. Mwaka 2014 kikundi hicho hicho kikazikusanya mbata hizo nyingi ndani ya ganda moja kubwa, kama punje za komamanga, na baada ya kuchaji mara 1,000 zilikuwa zimebakisha asilimia 97 ya uwezo wake. Mimi ni shabiki wa kazi ile mpaka leo. Lakini komamanga la maabara linatengenezwa kwa miligramu, na soko linataka tani.

Zilizofika sokoni ni njia za kawaida zaidi. Moja ni kuchanganya grafiti na oksidi ya silikoni, ambayo hubeba kidogo lakini hufura kidogo. Nyingine ni kutengeneza kaboni yenye vitundu kama sifongo, kisha kupitisha gesi ya silani (silikoni na hidrojeni) iliyopashwa joto mpaka silikoni igande ndani ya vitundu, ikiachiwa nafasi ya kufura. Hiyo ndiyo inayotangazwa kama silikoni-kaboni. Honor walianza nayo Machi 2023 kwenye Magic5 Pro ya soko la China, yenye miliampea-saa 5,450, na mwishoni mwa 2024 OnePlus 13 ikaja na 6,000 bila kunenepa. Ukiziona simu nyembamba zenye betri kubwa, siri ni hiyo.

Angalia sasa simu inaishi vipi na pikipiki yako inaishi vipi. Simu huchajiwa mara moja kwa siku, hukaa mfukoni, na mwenyewe huitupa baada ya miaka mitatu. Kila gramu kwake ni dhahabu. Pikipiki yako inakaa juani ikisubiri abiria, inachajiwa mchana na usiku, na kilo mbili za ziada hazikuumizi kama kununua betri mpya kila baada ya miezi 18 kutakavyokuumiza. Kwa kazi yako, LFP iliyotengenezwa vizuri, yenye grafiti ya kawaida, inavumilia kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi. Ningekuwa mimi ndiye mwenye pikipiki ningechukua hiyo leo, wala nisingejuta. Silikoni inafaa pale uzito au nafasi inapokubana: simu, ndege zisizo na rubani, magari ya masafa. Tena kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi: seli zenye silikoni nyingi zaweza kuchakaa hata zikiwa zimekaa tu rafuni, kwa sababu lipu inaendelea kujikanda polepole, na joto linaiharakisha.

Kwa hilo mwenzako yuko sawa kuhusu joto. Asichanganye tu kufura kwa aina mbili. Kufura kwa chembe za silikoni hakuonekani kwa jicho, na kunarudi kila unapomaliza chaji. Kufura kwa betri, ile simu inayoinua kioo au kasha la pikipiki linalotuna tumbo, ni gesi. Elektroliti imeoza ndani, na haitarudi. Betri yoyote ya lithiamu inaweza kufura hivyo, yenye silikoni na isiyo nayo.

Turudi kwenye betri uliyo nayo, maana huko ndiko pesa zako ziliko. Volti 72 kwa ampea-saa 40 ni wati-saa 2,880. Ulikuwa unakwenda kilomita 90, yaani wati-saa 32 kwa kilomita, na hiyo ni matumizi ya kawaida kabisa. Kushuka hadi 60 ndani ya mwaka wa pili ni kushuka kwingi mno kwa uchakavu wa halali. Kabla hujailaumu betri, ipime. Iendeshe mpaka ikaribie kuzima. Iache ipoe. Kisha nyumbani zima kila kitu isipokuwa chaja, soma uniti kwenye mita ya tokeni, chaji mpaka ijae, soma tena. Uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo betri nzima ya ukubwa wa yako itakula uniti 3.2 hadi 3.4 hivi, kwa kuwa chaja nayo hupoteza kidogo kama joto. Ukikuta imekula hizo na bado inakufikisha 60 tu, betri ni nzima na mwizi yuko kwenye pikipiki: matairi yamelegea, breki inashika, au umeanza kubeba mishikaki. Ukikuta imekula 2 na ushei, betri yenyewe imepungua.

Hata ikiwa imepungua, haimaanishi imekufa yote. Ndani kuna safu ya vikundi vya seli, zaidi ya 20, vimefuatana kama msafara, na msafara huenda kwa mwendo wa aliyechoka. Kikundi kimoja kikishuka, bodi ya ulinzi, ile mafundi wanayoiita BMS, hukata umeme wa betri nzima hata kama wenzake bado wana chaji. Fundi mwenye mita anaweza kupima kila kikundi kwa dakika chache. Vikiwa sawasawa vyote na vimechoka pamoja, huo ni uzee. Kikiwa kimoja kiko nyuma, kinaweza kusawazishwa, au kubadilishwa kwa seli za aina na uwezo ule ule, kwa pesa ambazo ni sehemu ndogo ya betri mpya. Mwambie pia atazame viungo. Hewa yetu ya chumvi huacha ule ukungu wa kijani kwenye shaba, na kiungo chenye ukungu hupata moto na kuidanganya bodi.

Kipimo hicho hicho cha mita kitamaliza ubishi wa Mwembe Tayari. Akisema ya kwake inakwenda mara mbili ya yako ilipokuwa mpya, basi lazima imeze uniti 6 na nusu. Mwambie aimalize na kuichaji mbele yako. Hesabu haijali kilichoandikwa kwenye lebo. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuletewa pauabenki iliyoandikwa 20,000, mwanafunzi akalalamika haijazi simu hata mara moja. Tulipoifungua tulikuta seli moja ndogo, na pembeni kifuko cha mchanga cha kuongeza uzito. Tulicheka sana: silikoni ilikuwemo kweli.

Kupunguza uchakavu wa betri utakayobaki nayo, rudi kwenye lipu. Lipu hunenepa haraka palipo na joto na palipojaa chaji. Kanuni ya makisio ya wakemia ni kwamba joto likipanda nyuzi 10, mmenyuko mwingi huenda karibu mara mbili. Kwa hiyo usiichomeke kwenye chaja mara tu unapotoka kwenye jua la Februari. Ipe nusu saa kivulini. Usiijaze usiku kucha ikakaa imejaa hadi asubuhi ikiwa unaweza kuipanga ijae karibu na alfajiri unapoondoka. Na usisubiri izime kabisa ndipo uchaji. Hiyo ilikuwa dawa ya betri za nikeli za zamani, kwa hizi ni sumu.

Kuna hali ambazo usizitibu kwa kusoma majibu yangu. Kasha likituna, betri ikipata moto ikiwa imekaa tu, ukisikia harufu tamutamu kama ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, au ikiwa imezama, hasa kwenye maji ya chumvi au mafuriko ya masika, usiichaji hata kama inaonekana kupona. Chumvi hufanya kazi ndani kwa siku kadhaa kabla ya moto kutokea. Iweke nje, mbali na nyumba na vitu vinavyoungua, umwite fundi wa betri za lithiamu aje aione hapo ilipo. Fundi wa simu anayetoboa betri iliyofura kwa sindano ili "itoe hewa" mkimbie, yeye na sindano yake. Ikishika moto, toeni watu kwanza, moshi wake una gesi ya sumu inayochoma mapafu. Waiteni zimamoto, na kama kuna maji, yamwagwe mengi kutoka mbali, maana kinachotakiwa ni kupoza. Na kama umezoea kuichajia kwenye ngazi au mlangoni usiku, hamisha leo. Mlango ndiyo njia yenu ya kutokea.

Huyo mpwa wako ndiye aliyenifurahisha. Mwambie hayuko mbali. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walitengeneza silikoni ya betri kutokana na mchanga, na wazo lilimjia mwanafunzi mmoja akiwa ufuoni. Mchanga wa kwarizi ni silikoni iliyoshikana na oksijeni. Wao waliupasha moto pamoja na unga wa magnesi kwenye nyuzi karibu 700, magnesi ikaipokonya oksijeni. Lakini hilo asilijaribu nyumbani wala kwenye maabara ya shule. Mabaki ya magnesi yakikutana na asidi hutoa gesi ya silani, ambayo huwaka yenyewe ikigusa hewa, na asidi inayotumika kusafisha mchanga uliobaki hupenya ngozi mpaka mfupani.

Halafu mchanga wa Nyali ana kazi ya kuujua kwanza. Mchanga wetu mweupe umechanganyika na matumbawe na makombe yaliyosagika, na hayo ni chokaa, hayana silikoni. Atie kijiko cha mchanga kwenye glasi, amwagie siki. Kinachotoa povu ni matumbawe. Aendelee kubadilisha siki mpaka povu likome, akaushe, apime kilichobaki: hapo atajua ufuo wake una kwarizi kiasi gani, na anaweza kulinganisha Nyali, Bamburi na Shanzu. Kama ataka kukaribia betri zaidi, atafute maganda ya mpunga, ya Mwea au ya Mto Tana. Yakichomwa vizuri mpaka majivu yawe meupe, sehemu kubwa ya majivu hayo, mara nyingi kupita asilimia 85, ni silika, yaani ile ile silikoni iliyoshikana na oksijeni, tena ya chembe laini kuliko mchanga. Watafiti wameshatengeneza silikoni ya betri kutokana nayo. Akipata majivu yake meupe ayafunge kwenye chupa kavu, aandike alichoma kwa moto gani na kwa muda gani, kisha amwombe mwalimu wake wa kemia wayapeleke kwenye maabara ya chuo chochote hapa mjini. Sehemu ya moto mkali na asidi wataifanya wenye vifaa, yeye asimame nyuma ya kioo akiandika.